Ng'ombe Mwenye Kilema na Mwamuzi Mla Rushwa

Swali lilitoka kwa mama mmoja wa jumuiya yetu huku Old Moshi, mlimani Kilimanjaro. Ilikuwa alfajiri, ukungu bado umelala kwenye migomba, na tulikuwa tumefika Kumbukumbu la Torati 16:18. Tukasoma mpaka mwisho wa sura ya 17, aya 25 kwa jumla. Tulipomaliza akainua mkono.

"Mwalimu, mimi hapa nimepotea. Tumeanza na waamuzi, mara tuko kwenye miti, mara ng'ombe mwenye kilema, mara mashahidi na mawe, halafu mfalme na farasi wake. Musa alikuwa anaongea na nani?"

Siku ile nilimjibu ovyo. Nilisema watu wa kale waliandika hivyo, walichanganya mambo, tusishangae. Nilipofika nyumbani jibu langu likaanza kunisumbua, kwa sababu nilikuwa nimeifanya Torati ionekane kama daftari la mtu aliyeandika kila alichokumbuka. Nimeirudia sehemu hii mara nyingi tangu hapo. Leo ningemjibu hivi: mama, hujapotea. Ulichokiona ndicho chenyewe. Ibada, mahakama na uongozi vimewekwa chungu kimoja makusudi, na kinachoviunganisha kimesemwa sura chache nyuma.

Rudi sura ya 10, aya ya 17. Pale Musa anamtaja Mungu kuwa mkuu na wa kuogofya, kisha anaongeza sifa mbili ambazo mtu hazitarajii katika maneno ya sifa: hapendelei nyuso za watu, wala hakubali rushwa. Aya inayofuata inasema huwafanyia yatima na mjane hukumu ya haki, na humpenda mgeni akampa chakula na mavazi. Sasa njoo 16:19, agizo kwa waamuzi: usipendelee uso wa mtu, wala usitwae rushwa. Ni maneno yale yale. Mwamuzi anaamriwa afanane na Mungu katika jambo hili moja, kwamba asinunulike. Ukilishika hilo, ng'ombe, mti, shahidi na mfalme vinakaa mahali pake.

Tuanze na ng'ombe, maana ndiye aliyemchanganya mama yule.

Nenda mnadani siku yoyote ukamtazame mnunuzi anayejua kazi. Anamfungua mnyama mdomo ahesabu meno. Anampapasa mbavu, anamtazama macho, anamzungusha aone kama anachechemea. Muuzaji naye anajua jinsi ya kumsimamisha mbuzi mgonjwa akiwa ameegemea wenzake ili asionekane. Torati 17:1 inamkataza Mwisraeli kumleta mbele za Mungu mnyama mwenye kilema au ubaya wowote, na 15:21 inataja kiwete na kipofu. Mungu hali nyama, na wala hakuna mahali Torati inaposema anawadharau wanyama wagonjwa. Tatizo liko kwa mletaji. Anamtoa yule ambaye sokoni hangemletea kitu, kisha anasimama mbele ya madhabahu kama mtu aliyetoa. Karne kadhaa baadaye nabii Malaki anawauliza makuhani waliokuwa wakipokea vipofu na viwete: haya, mpelekee liwali wako mnyama huyo, uone kama atakuwa radhi nawe. Kila aliyesikia alijua jibu. Liwali angepelekewa aliyenona.

Kwenye usharika wetu mnada wa mavuno hufanyika nje ya kanisa baada ya ibada. Mkungu wa ndizi mshare, kuku, mayai kwenye kikapu, mbuzi mmoja au wawili. Nimeona mama mzee akileta jogoo wake bora, miguu imefungwa kwa gome la mgomba, manyoya yanang'aa. Nimeona pia mwenye uwezo akileta mkungu ambao nusu ya ndizi zimeshaanza kuoza, na wazee wakaupokea kwa tabasamu kuliko walivyompokea mama wa jogoo, kwa sababu ya jina la aliyeuleta. Hapo makosa mawili yamekutana chini ya mti mmoja. Sadaka ina kilema, na waliopokea wamependelea uso.

Kuna jambo jingine la lugha. Kiswahili chetu kinaiita rushwa kwa majina ya heshima: chai, soda, nauli, na lile zito kuliko yote, shukrani. "Mzee, nitakushukuru." Neno hilo hilo ndilo tunalolitumia kanisani tukisema sadaka ya shukrani. Mtoto anayekua akilisikia pande zote mbili atazitofautishaje? Sadaka ya shukrani inatolewa kwa yaliyokwisha kutendeka, na mtoaji hadai kitu. Rushwa inatolewa ili jambo litendeke, na mtoaji anasubiri. Mtu akija madhabahuni na bahasha akisubiri Mungu amfungulie mlango wa biashara kwa kiasi alichoweka, anampa Mungu chai. Na Mungu huyo ameshasema hapokei.

Mti wa Ashera nao umeeleweka vibaya. Aya ya 16:21 imewahi kutumiwa kuhimiza watu wakate miti mikubwa ya kimila, hata misesewe na mivule ambayo kosa lake ni kuwa na umri. Ashera alikuwa mungu wa kike wa Wakanaani, na mti au nguzo ya Ashera ilikuwa alama ya ibada yake. Lakini angalia mahali: aya inakataza kuipanda kando ya madhabahu ya BWANA. Mwisraeli huyu hajaiacha madhabahu. Anaendelea kuja, anaendelea kutoa, ila ameongeza kitu cha pembeni cha kumhakikishia mvua na uzazi endapo Mungu atachelewa. Manase, mfalme wa Yuda, alikwenda mbali zaidi akaweka sanamu ya Ashera ndani ya hekalu lenyewe, kama ilivyoandikwa katika 2 Wafalme 21. Anayetaka kuihubiri aya hii leo aache shoka nyumbani, atazame tulichokiweka kando ya madhabahu zetu: chupa za mafuta zenye bei, maji yanayouzwa, maombi yenye viwango.

Sasa mahakama. Torati inaagiza waamuzi wawekwe "katika malango yako yote". Lango la mji ndipo mahakama ilipokaa. Boazi alipotaka kumaliza suala la shamba la Naomi na ndoa ya Ruthu, alikwenda langoni, akaketi, akawaita wazee kumi wa mji. Wachimbaji wa mambo ya kale wamekuta kwenye lango la mji wa Dani, kaskazini mwa Israeli, benchi la mawe lililojengwa ukutani. Kila anayekwenda shambani anapita hapo, na kila anayerudi na mzigo kichwani anasikia. Kesi haiendeshwi chumbani. Mjane hana haja ya nauli ya kumfuata mwamuzi, maana mwamuzi yuko katika kila lango.

Aya ya 16:20 ina uzito ambao tafsiri haiufikishi wote. Kwa Kiebrania neno haki linatajwa mara mbili mfululizo: haki, haki ndiyo utakayoifuata. Na kufuata huko ni kwa mwindaji nyuma ya mnyama, si kwa mtu anayetembea nyuma ya mwenzake. Haki inakimbia. Inataka kukimbizwa.

Halafu kuna maneno kwamba rushwa hupofusha macho ya wenye akili. Haisemi macho ya wajinga. Mwenye akili ndiye aliye hatarini, kwa sababu ndiye anayeweza kujitafutia sababu nzuri za hukumu aliyokwisha lipwa aitoe. Na hapa ndipo mahakama na madhabahu vinapogusana kabisa: mnyama kipofu hafai madhabahuni, na mwamuzi aliyepofushwa hafai langoni.

Nitaeleza niliyoyaona kwa macho yangu. Shangazi yangu ni mjane. Mpaka wa kihamba chake, yaani shamba la ukoo la migomba na kahawa, upande wa mashariki ulikuwa wa masale, mimea tunayoipanda kuwa alama ya mpaka, na masale hayo yalipandwa mwaka alioolewa. Asubuhi moja alikuta matatu kati yao yamehamia ndani ya shamba lake, hatua tatu hivi. Nilipofika nilichuchumaa nikagusa udongo wa mguuni pa sale la kwanza. Ulikuwa bado mwororo, haujashikana, na kidole kilizama mpaka kiungo cha pili. Mahali lilipokuwa pamesawazishwa na kufunikwa majani makavu ya mgomba. Shangazi alisimama nyuma yangu, kitenge amekikaza kiunoni.

"Baba, sale halina miguu," akasema.

Tukaenda kwenye baraza la ardhi. Wakati huo mabaraza ya kata yalikuwa bado yanatoa uamuzi. Tangu sheria ilipobadilishwa mwaka 2021 kazi yao ni kusuluhisha. Upande wa pili ulileta mashahidi wawili, idadi kamili. Wote wawili walisema masale yamekuwa pale tangu mwanzo, na walisema kwa maneno yanayofanana mno, neno kwa neno. Mmoja alisema alishuhudia yakipandwa. Alikuwa kijana ambaye, kwa hesabu ya shangazi, mama yake alikuwa bado hajaolewa mwaka ule. Nilisubiri aulizwe umri wake. Hakuulizwa. Simtuhumu mtu kwa kupokea chochote. Ninasema tu kwamba swali moja halikuulizwa, na shangazi akapoteza mistari miwili ya migomba na kahawa iliyokuwa chini yake.

Mtu anaweza kusema mila ndivyo ilivyo, ardhi ni ya wanaume wa ukoo. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 imeshalijibu hilo: kifungu cha 20 kinabatilisha mila yoyote inayomnyima mwanamke, mtoto au mwenye ulemavu haki yake ya kupata na kutumia ardhi. Torati nayo ina aya yake kwa ajili ya sale, 19:14, inayokataza kuondoa alama ya mpaka wa jirani. Iko sura moja tu na sheria ya shahidi wa uongo, 19:16-19, inayosema shahidi huyo atendewe kile alichokusudia kumtendea ndugu yake. Sidhani ukaribu huo ni wa bahati. Mpaka hauhami bila mtu wa kuapa kwamba haukuhama.

Anayetaka kuona kwa nini Torati haikutenganisha ibada, mahakama na uongozi, asome 1 Wafalme 21, habari za Nabothi. Hakuna sura katika Biblia nzima inayofanana zaidi na mambo ya vihamba. Mfalme Ahabu anataka shamba la mizabibu lililo jirani na jumba lake, apande mboga. Anatoa bei nzuri, hata kubadilishana na shamba bora. Nabothi anakataa: hawezi kuutoa urithi wa baba zake. Mchaga hahitaji kufafanuliwa jibu hilo. Kihamba kina makaburi ndani yake, hakipangiwi bei.

Ahabu anarudi nyumbani, analala, anageuza uso, anagoma kula. Angalia hapo: mfalme huyu bado anajua kwamba hawezi kuchukua tu. Sheria iko juu yake na inamuuma. Ni Yezebeli, aliyekulia katika nyumba ya mfalme wa Sidoni, anayeshangaa kwamba mfalme anaweza kukataliwa na mwenye shamba.

Tazama basi anavyofanya. Hatumi askari. Anaandika barua kwa jina la mfalme na kuzitia muhuri wake, na anazipeleka kwa wazee na wakuu wa mji wa Nabothi. Anaagiza mbiu ya kufunga ipigwe, na Nabothi aketishwe mbele ya watu. Anaagiza watafutwe watu wawili wasiofaa, wamshuhudie kwamba amemtukana Mungu na mfalme. Kisha apigwe mawe nje. Kila kitu kikafanyika kama ulivyoandika muhuri.

Sasa hesabu. Wazee wa mji wapo. Ibada ipo, tena ya kufunga, na shitaka lenyewe ni la kulinda jina la Mungu. Mashahidi ni wawili, kama 17:6 inavyotaka. Adhabu imetekelezwa nje ya mji. Ukipeleka jalada la kesi hii kwa mkaguzi wa makaratasi, hataona kasoro. Sheria yote ya Torati imefuatwa, na mtu ameuawa kwa ajili ya bustani ya mboga. Wazee walijua. Waliotangaza mfungo walijua. Ndiyo maana Musa hakuiandika sheria ya ibada ukurasa wake na ya mahakama ukurasa wake: mwenye nguvu akitaka shamba, hulipata kwa kuvitumia vyote kwa pamoja, na wakati mwingine huanza na maombi.

Najua kuna msomaji anayeguswa na yale mawe ya 17:5, ya kumpiga mwabudu miungu mingine mpaka afe, na ana haki. Sheria ile ilitolewa kwa taifa la agano, ambamo kuabudu miungu mingine kulikuwa sawa na uhaini. Kanisa halikuichukua hivyo. Paulo anayanukuu maneno ya mwisho ya 17:7, mwondoeni mwovu kati yenu, katika 1 Wakorintho 5:13, na kwake maana yake ni kumtenga mtu na ushirika. Hakuna anayeokota jiwe. Lakini hata katika sheria ile ya kale kuna breki tusiyoitaja sana: shahidi ndiye anayetupa jiwe la kwanza. Ukisema uongo ni mkono wako utakaoua, mbele ya mji mzima. Ni vigumu kusema "niliambiwa".

Breki hiyo ya mashahidi wawili au watatu Paulo anaitumia tena katika 1 Timotheo 5:19, kwamba shitaka juu ya mzee wa kanisa lisipokelewe bila wao. Nimeisikia aya hii ikisomwa vikaoni kila mara kiongozi akituhumiwa. Ya 20, inayofuata, sijaisikia mara nyingi. Inasema wadumuo kutenda dhambi wakemewe mbele ya wote, ili na wengine waogope. Aya ya 19 ni ngao ya mtu asiye na hatia. Ukiisoma bila ya 20, umeigeuza kuwa paa la mwenye hatia.

Juu ya kesi ngumu, 17:8-13, sitakaa sana. Shauri likiwashinda waamuzi wa langoni, linapanda hadi mahali atakapochagua Mungu, kwa makuhani Walawi na mwamuzi wa siku hizo. Kilicho muhimu ni asiyetajwa. Mfalme hayumo. Katika nchi zilizomzunguka Israeli mfalme ndiye aliyekuwa mwamuzi wa mwisho, na hata huku mlimani mangi alitawala na kuamua mashauri, yote mawili kwa mkono mmoja, mpaka uchifu ulipofutwa muda mfupi baada ya Uhuru. Torati inaandika sheria ya rufaa nzima bila kumpa mfalme kiti.

Mfalme anakuja mwisho, na anakuja kwa masharti. Asijiongezee farasi, wala asiwarudishe watu Misri kwa ajili ya kupata farasi. Asijiongezee wake. Asijiongezee fedha na dhahabu mno. Farasi ni jeshi, wake ni mikataba na falme za jirani, dhahabu ni hazina. Kila kinachomfanya mfalme awe mfalme machoni pa majirani zake kimewekewa kikomo. Sulemani alivivuka vyote vitatu, na 1 Wafalme inahesabu bila kuficha: talanta 666 za dhahabu kwa mwaka mmoja, ambazo ni zaidi ya tani 20; magari ya vita 1,400; farasi waliotoka Misri; wake 700 na masuria 300. Baada yake ufalme ukapasuka vipande viwili.

Sisi wa mikoa hii tuna sababu ya kuielewa aya hii kuliko wengi. Mwendo wa saa mbili hivi kwa basi kutoka Moshi, katika mji wa Arusha, Halmashauri Kuu ya TANU ilikaa Januari 1967, na Azimio la Arusha likatangazwa tarehe 5 Februari. Watu wanalikumbuka kwa benki na mashamba kutaifishwa. Mimi nalikumbuka zaidi kwa masharti ya uongozi: kiongozi asiwe na hisa katika kampuni yoyote, asiwe mkurugenzi wa kampuni ya kibepari, asipokee mishahara miwili, asiwe na nyumba ya kupangisha. Yaani, asijiongezee. Mwalimu Nyerere alikuwa Mkatoliki aliyesali kila siku, ingawa sitasema kwamba aliyatoa masharti hayo katika Kumbukumbu la Torati, kwa kuwa Azimio linajieleza kwa lugha ya ujamaa. Lakini hofu ni ile ile, kwamba anayejiongezea ataacha kuwaona aliotoka kwao. Mwaka 1991, kule Zanzibar, CCM ililegeza masharti yale, na mwaka 1995 ikaja Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma, inayomtaka kiongozi atamke mali zake. Kutamka ulicho nacho na kukatazwa kujiongezea ni vitu viwili tofauti. Mimi ninaona tulipoteza kitu pale, na ninalisema hilo nikijua wapo wanaosema masharti yale yalikuwa magumu kwa binadamu wa kawaida.

Torati yenyewe haikuweka askari wa kumkamata mfalme. Ilimpa kazi ya mkono. Akiketi katika kiti chake, ajiandikie nakala ya sheria hii kutoka kwa ile iliyo mbele ya makuhani, akae nayo, aisome siku zote za maisha yake, ili moyo wake usiinuke juu ya ndugu zake. Neno ndugu limerudi. Mfalme hana raia katika aya ile. Ana ndugu. Na sura inayofuata inamleta nabii, mtu wa kumwendea mfalme asiyesoma, kama Eliya alivyomwendea Ahabu akiwa tayari amesimama ndani ya shamba la Nabothi.

Juma lililopita niliyaeleza haya jumuiyani. Mama aliyeuliza alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Kumbe wazee waliotangaza mfungo walikuwa wanajua." Akanyamaza. Kuna baba mmoja pale ambaye amewahi kuwa mwenyekiti wa kitongoji, na anasemekana atagombea tena. Aliomba daftari la mahudhurio, akafungua ukurasa wa nyuma, akavaa miwani, akaanza kunakili 17:14 kwa mwandiko wa polepole. Alipofika kwenye fedha na dhahabu alisimama kidogo, akaangalia kalamu, akaendelea. Tulimsubiri. Chai ilipoa.